Unga Kwenye Sakafu ya Mkongo

Mama mkwe wangu hunicheka. Kila nikibandika kile chungu kidogo cha nta jikoni, yeye husogeza kigoda chake karibu, akaniangalia weee, kisha akauliza kwa sauti ya kusikiwa na majirani kama leo tena namwogesha mke mwenza. Mke mwenza wangu ni ubao. Ubao mmoja wa mkongo, mrefu kunipita mimi, uliolazwa ubavuni mwa ukuta hapa kwetu Mnyambe. Ndio kitanda changu cha mchana, ndio meza yangu, ndipo ninapokaa nikiota ndoto zangu ambazo mume wangu anasema kama zingekuwa mahindi tungeshiba mwaka mzima.

Nilipoolewa nilipanda nao mlimani huku, kaka zangu wakiubeba na kuulaani njia nzima, na wasiwasi wa mama mkwe ulikuwa wa haki kabisa. Huku juu, kama wewe msomaji hujafika nikuambie, maji hatuyachoti, tunayafuata. Tunayashukia makorongoni alfajiri, tunarudi tunapanda na mtungi kichwani, roho mkononi, na anayejikwaa akikaribia kileleni hulia kama aliyefiwa. Basi akaniambia mapema: mwanangu, hapa maji ya kuoshea mbao hakuna. Nikamjibu kwamba ubao huu haunywi maji, mama. Bibi yangu aliulea kwa majani, majivu, mafuta na nta, nami nitaulea hivyo hivyo. Tangu siku hiyo anangoja nichoke. Sijachoka.

Harufu ya nta ikipanda tu, mimi siko Mnyambe tena. Niko Masasi, chini ya yale majabali yetu, mtoto mwenye magoti meusi, kitambaa cha kaniki mkononi, na bibi nyuma yangu anasema, taratibu, fuata njia ya mti.

Nyumba ya babu ilijulikana Masasi nzima. Babu alikuwa mtu wa njia ya Lindi. Alikwenda na nta, ufuta na tumbaku, akarudi na nguo na chumvi, na safari moja alirudi na maradhi. Alikuwa amepewa malazi orofani kwa tajiri mmoja huko pwani, juu ya mbao, akaamka asubuhi mgongo haujui baridi ya udongo, akaapa kwamba na yeye atalala hivyo kabla hajafa. Waliokuwapo wanasema kwa muda mrefu hakuzungumza jambo lingine. Akawatafuta wapasuaji mbao wa pwani, waliokuwa wamekuja kuwapasulia wamisheni, akawaonyesha mkongo aliouchagua mwenyewe, mti ambao mchwa wakiuonja huutema. Akapanga mawe, akalaza magogo, akapigilia mbao juu yake. Nyumba ilikuwa ya udongo na nyasi kama nyumba zote, ila ukivuka kizingiti mguu wako ulikanyaga mti mwekundu unaong'aa kama asali ya zamani.

Watu walicheka mpaka wakachoka. Walisema huyu mzee amejenga meza ili akae juu yake kama sahani. Ndipo ikaitwa Nyumba ya Meza. Babu hakukasirika hata kidogo. Alisema meza ikishajengwa, wenye njaa watakuja wenyewe, na kweli walikuja, maana hakuna aliyepita Masasi bila kutaka kuikanyaga ile sakafu, na hakuna aliyeikanyaga bila kupewa chakula.

Sisi watoto tulikuwa na kazi tuliyoipenda kuliko kucheza, au niseme ulikuwa mchezo uliojifanya kazi. Baada ya mafuta na nta kupakwa na kukauka, mmoja wetu aliketi juu ya ngozi ya mbuzi, manyoya chini, na wengine wakamshika miguu wakamburuta toka ukuta huu hadi ukuta ule. Uzito wake na manyoya ndivyo vilivyoleta mng'ao. Mimi nilikuwa mnene, basi niliketi mimi mara nyingi, na babu alikuwa akisema nyumba hii inang'aa kwa makalio ya mjukuu wangu. Nilijivuna kwa hilo. Mpaka leo najivuna.

Kisha vikaja vile vita. Mimi sitavieleza, wapo waliovieleza, na wengine huniambia hata haya machache nisiyaseme kwa sauti. Nitasema yaliyofika mlangoni kwetu. Wadachi walitaka watu wa kubeba mizigo ya askari, na akida akazunguka na kamba akikusanya wanaume. Akida huyo alikuwa mtu wa pwani, kanzu yake nyeupe siku zote, makubadhi mapya, sauti nzuri ya kusomea. Alisimama uwanjani mbele ya wake na watoto, akatangaza kwamba mpagazi wa serikali mali yake haiguswi. Nyumba, shamba, mbuzi, vyote vitamngoja mpaka arudi. Mtu mmoja akauliza, na asiporudi? Akida akacheka, akasema asiyerudi hana haja na nyumba, itakuwa ya serikali.

Wote tuliyasikia maneno hayo. Yashike na wewe.

Babu hakuwa kijana, lakini alizijua njia, wakamchukua. Alipotoka alivaa makubadhi yake nje ya kizingiti kama kawaida yake, maana juu ya sakafu ile yeye mwenyewe hakukanyaga na viatu. Alimwambia bibi neno moja tu, asiiache mbao ikaona kiu. Basi. Si neno la mapenzi ukilisikia juu juu, ila bibi aliinama kama aliyeambiwa makubwa.

Baadaye askari walikuja wakaifanya nyumba yetu kambi, kwa sababu ya sakafu, nani angekubali kulala chini. Sisi tukahamia kibanda cha jikoni, na siku nyingine mapangoni juu ya majabali. Walipohama tukaingia kutazama. Mama yangu alisimama mlangoni hakuweza kuvuka. Walikuwa wamepika humo ndani, juu ya mawe, na mbao ilikuwa na duara la moto. Mafuta ya nyama yalikuwa yamemwagika karibu na mlango yakanywewa na ubao. Buti zao zenye misumari zilikuwa zimechimba kila mahali. Na pale walipoegemeza bunduki zao wakati wa masika, chuma kilikuwa kimeacha madoa meusi yaliyopangana sakafuni kando ya kuta zote. Nililia. Bibi hakulia. Alipiga magoti, akaweka kiganja kwenye ubao kama unavyompima mtoto homa, akasema, yu hai.

Wapagazi wakaanza kurudi mmoja mmoja, wamekonda, wengine hawazungumzi. Babu hakurudi. Jirani yetu, mama mmoja aliyekuwa rafiki wa bibi tangu usichana wao, naye mwanawe Saidi hakurudi. Ukipita Masasi siku hizo kila nyumba ilikuwa na mtu anayengojwa. Na njaa ilikuwa imekaa, maana maghala yalichomwa. Tulikula mizizi ambayo sasa hivi sina hata hamu ya kuitaja.

Katika hali hiyo ndipo akida alipokuja kuitazama sakafu yetu. Aliingia na makubadhi yake. Akatembea, akainama, akapima upana wa ubao kwa shubiri. Akamwambia mama, si bibi, kwamba boma la mlimani linajengwa na bwana mkubwa anatafuta mbao kavu za mkongo. Akauliza kama kuna habari za mwenye nyumba. Mama akasema hakuna. Akida akasema basi tungoje, habari haziozi, akatazama huku na huku, akasema hata hivyo hii imeshakuwa gofu, gofu lina faida gani kwa wanawake.

Alipoondoka bibi akaniambia nikachume msasa.

Kama huujui, ni mti ambao majani yake yanakwaruza kama ulimi wa paka. Hayo ndiyo yaliyokuwa kazi yetu kwa muda wote wa kiangazi kile. Kwanza tulifagia, kisha bibi akachekecha majivu ya mti mgumu, akayalowesha kidogo tu, umande umande, akayasugua penye masizi. Hakutaka maji mengi. Alisema mbao ni kama mgonjwa wa tumbo, ukimnywesha pupa atavimba. Madoa ya bunduki tuliyapaka ukwaju. Bibi aliuponda ukawa uji mzito, akaubandika juu ya kila doa jioni, na asubuhi tukiufuta, doa limepauka kidogo. Kidogo sana. Tukabandika tena. Mama alikuwa akitazama ule ukwaju kwa uchungu, akisema watoto wangeunywa. Bibi akamwambia, "Watoto wataunywa leo, kesho watalala wapi?" Mama akachukua kitambaa chake, ila niliona kwamba hakukubali.

Kisha ndipo msasa. Ulisugua ubao kwa urefu, kufuata nyuzi zake, kamwe si kwa kuzikata. Bibi alikuwa na msemo wake, kwamba mti una njia yake ya kwenda mbinguni, na hata ukiulaza bado unakwenda. Nilikuwa nikisugua nikiwaza hiyo safari ya mti. Niliuona unapita chini ya ukuta, unavuka mto Lukuledi, unafika alipo babu na kumwambia jamani huku tunakusafishia. Ndoto za mtoto. Lakini niambie, wewe ulikuwa na za maana zaidi?

Nta ilikuwapo. Kabla ya kuchukuliwa babu alikuwa ameficha darini mzigo wa nta wa kupeleka Lindi, na askari hawakuugundua, au waliuona wakaudhani mavi ya nyuki. Ufuta ulikuwa konzi chache, bibi aliukamua wote. Akayeyusha nta, akachanganya mafuta, na ule mchanganyiko ukiwa bado vuguvugu akaupaka kwa kaniki kuukuu, ubao baada ya ubao. Sakafu ilikunywa. Ilikunywa kama mtu aliyetoka jangwani, na tulipomaliza mwisho ilibidi turudie mwanzo. Halafu siku moja jua la asubuhi likaingia mlangoni, likapiga ubao wa tatu, na ule wekundu wa asali ukarudi. Nikaketi kwenye ngozi ya mbuzi. Sikuwa mnene tena, nilikuwa mifupa, ila mama alinivuta hata hivyo, na hapo ndipo nilipomwona anacheka kwa mara ya kwanza tangu vita.

Yalibaki mafuta ya nyama karibu na mlango. Majivu hayakuyaweza. Bibi akasema dawa yake ni unga. Ulikuwapo unga wa mtama uliovunda chini ya mabaki ya ghala letu, umepata ukungu na uchungu, hata kuku wangeukataa. Jioni bibi akaumwaga juu ya madoa, marundo madogo, ili unyonye mafuta usiku kucha.

Sasa hapa nisimame kidogo, maana asiye wa kwetu hataelewa kilichotokea. Kwetu unga mweupe hauwekwi chini ovyo. Mtu akifa, au wazee waliotangulia wakihitaji kusemeshwa, humwagwa unga wa mtama, kidogo kidogo kutoka ncha za vidole, mpaka uwe kichuguu chenye ncha. Ukisimama vizuri, wamepokea. Na mtu akifia safarini, asiye na kaburi la kuendewa, unga wake humwagwa ndani ya nyumba, upande aliokuwa akilala. Mwalimu wetu wa chuoni alikuwa akisema hiyo si dini, ila mama yake mwenyewe alimwaga, naye alikuwa akigeukia upande mwingine asione. Unga huo ukishamwagwa hauguswi na mtu. Hauzolewi, haufagiliwi. Mchwa wakibeba, upepo ukipeleka, hiyo ni kazi yao.

Asubuhi jirani akaja kuomba moto. Akafika kizingitini na kigae chake mkononi, akaona vile vichuguu vyeupe. Mwaka wa njaa, nani anamwaga unga bure? Kigae kilimwanguka, akapiga kilio.

Unajua kilio kinavyokwenda. Kilipokezwa nyumba hadi nyumba, na kabla uji wa mizizi haujachemka uwanja wetu ulikuwa umejaa wanawake, nguo zimefungwa viunoni, wengine wameshika vichwa. Walimlilia babu. Ukisikiliza vizuri walikuwa wakiwalilia na wa kwao, ambao hawakujua kama wawalilie au la. Mama akamshika bibi mkono akamwomba azoe ule unga mbele yao, aseme ni wa madoa, yaishe kabla habari haijamfikia akida. Bibi akautazama unga. Akasema haujamaliza kunywa.

Hakuwafukuza waliaji. Aliingia darini akatoa kaniki zote zilizobaki, akazichana, akampa kila mmoja kipande. Akasema, "Mmekuja, ahsanteni. Ila nyumba hii haina nafasi ya mikono mitupu." Jirani ndiye aliyepiga magoti kwanza, machozi bado yanamtoka, akaanza kusugua. Wakaingia wote, kila mmoja na ubao wake, wakivizunguka vile vichuguu kwa adabu, na wimbo wa msiba ukaanza, kisha sijui nani aliubadilisha ukawa wimbo wa kutwangia, maana mikono inayokwenda pamoja haikubali wimbo wa kukaa. Nyumba ilinukia nta na jasho. Mimi nilipita kati yao na chungu.

Akida alikuja kabla jua halijasimama. Alikuwa na vijana waliobeba mitaimbo ya kung'olea mbao. Alikuja haraka, kanzu ameikunja, akapanda lile jiwe la mlangoni, na hapo akasimama. Jua lilikuwa limejaa ndani. Sakafu nzima ilikuwa inawaka, wanawake wameketi juu yake, kila mmoja kwenye ubao wake, na ungedhani wameketi juu ya maji wakati wa machweo. Basi yule mtu wa pwani, aliyelelewa misikitini na orofani, mguu wake ukafanya ulichozoea kabla kichwa hakijawaza. Akavua makubadhi.

Bibi aliona. Sisi sote tuliona.

Akida akasema, "Poleni kwa msiba."

Bibi akamwuliza, "Kwenu mtu huingia bila salamu, mwanangu?"

Akida akaishusha kanzu yake. Akasema shikamoo. Bibi akaitikia marahaba, akamkaribisha, akamwambia ahsante kwa kuvua viatu, mwenye nyumba hapendi vumbi. Kisha akamwuliza, kwa upole kabisa, msiba aliousema ni wa nani.

Akida akaonyesha unga kwa kidole. Akasema Masasi yote imesikia kilio, na unga ule pale kila mtu anaujua ni wa nini. Ninyi wenyewe mmemzika. Sasa nyumba haina mwenyewe, na vijana wamekuja na kazi yao, wasicheleweshwe. Vijana wakaanza kusogea na mitaimbo. Mama akanivuta kwake. Nilihisi moyo wake mgongoni mwangu.

Bibi akaomba ungo. Akapiga magoti mbele ya kichuguu cha kwanza, na wanawake wakaelewa anachotaka kufanya kabla akida hajaelewa, maana jirani alifunika mdomo wake. Bibi akauzoa unga wa wafu kwa kiganja. Akauzoa wa pili. Akauzoa na wa tatu. Akauinua ungo, akamsogezea akida, akamwonyesha jinsi unga ulivyogeuka rangi ya matope kwa mafuta ya nyama ya askari. Akamwambia, "Nyama mlikula ninyi. Madoa nimetoa mimi. Umepata kuona mtu akizoa unga wa marehemu wake?"

Akida akasema hajapata kuona. Akatoka bibi, akautupa jalalani, akarudi akijipangusa. Pale mlangoni ubao ulikuwa safi.

"Mwenye nyumba hii yuko safarini," akasema. "Aliyemtuma ni wewe. Basi wewe ndiye utuambie atarudi lini."

Hapo ndipo palipokuwa penyewe. Akida angeweza kusema amekufa. Neno moja tu, na mbao zingekuwa zake. Lakini jirani naye alikuwa ameinua uso, na kando yake mwingine, na mwingine, kila mmoja ana mtu aliyefungwa kwa kamba ile ile, na wote walikuwa wakingoja kusikia akida atajibu nini, ili nao waulize wa kwao. Kama mmoja amekufa, yuko wapi Saidi? Jirani hakuliuliza kwa mdomo. Alikaa tu juu ya ubao wake, akamtazama.

Akida akainama kuyatafuta makubadhi yake. Akasema yeye mwenyewe atarudi mvua zikiisha.

Bibi akamwambia, "Karibu. Ukirudi, njoo naye."

Hakurudi. Alihamishiwa kwingine, na waliomfuata walikuwa na mbao zao za kutafuta mahali pengine. Sisi tukaendelea kulala juu ya mkongo, na kila kiangazi tukachuma msasa, na mimi nikanenepa tena kidogo kidogo, ngozi ya mbuzi ikapata kazi yake.

Miaka ikapita, yakaja mavuno ya kwanza ya kushiba. Bibi akatwanga mtama mwenyewe, ingawa mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka. Akachunga unga mara mbili ukawa mweupe kama pamba. Akaniita mimi peke yangu tukaingia ndani, akapiga magoti upande aliokuwa akilala babu, akaanza kuumwaga kutoka ncha za vidole. Ukasimama. Akazungumza kama mke anayezungumza na mume aliyechelewa.

"Mwenye nyumba, siku ile nilikuzoa pamoja na uchafu. Walikuwa mlangoni. Leo mlangoni hakuna mtu. Kaa."

Ndipo aliponieleza. Siku chache kabla ya unga ule, alikutana njiani na mpagazi mmoja wa Chilangala, akamwambia babu alishikwa na homa, wakamwacha kando ya njia, na hakuamka. Bibi hakumwambia mtu, hata mama. Madoa ya mafuta yalikuwa mawili. Kichuguu cha tatu, kile cha ubavuni, upande aliokuwa akilala babu, hakikuwa na doa chini yake. Alikuwa amemwaga unga mbovu kwa sababu hakuwa na mwingine, akaufichia humo humo katika usafi. Jirani hakukosea. Na mimi nikakumbuka kwamba unga wa kichuguu cha tatu ulitoka mweupe kama ulivyomwagwa, na kwamba bibi aliuchanganya upesi.

Nimelifikiri jambo hilo mara nyingi, nikiwa juu ya ubao wangu. Bibi hakusema uongo hata mmoja siku ile. Aliyekufa naye yuko safarini, na mengine aliuliza tu. Ila alimwondolea mumewe unga wake kwa mkono wake, mbele ya watu, ili watu wale wasimchukulie na sakafu yake. Wapo watakaosema alifanya dhambi. Waseme. Hawakuwapo.

Siku ile ya unga mweupe wanawake walilia vizuri, kilio cha haki, wakamlilia babu, wakamlilia Saidi, wakawalilia wote waliofungwa kamba. Na kwa kuwa nyumba ya aliyeliliwa haikaliwi kwetu, bibi akaamuru ivunjwe asubuhi yake, kabla habari haijapanda mlimani. Mbao zikang'olewa kwa upole, kila mwanamke akajitwisha ubao aliousugua siku ile ya akida. Zikaondoka kwa njia zote za Masasi. Leo kuna mlango, kuna kitanda, kuna ubao wa kuoshea maiti, kuna daraja dogo juu ya mfereji, vyote ni sakafu ya babu yangu. Boma halikupata hata kibanzi.

Mwaka huu nilishuka Masasi kupatazama pale nyumba iliposimama. Yamebaki mawe ya msingi, na nyasi zimeota katikati yake kwa mistari iliyonyooka, kana kwamba zinakumbuka magogo yalipolala. Jirani amekufa. Bibi amekufa. Wasichana niliowakuta hawajui msasa ni wa nini zaidi ya kusugulia sufuria. Boma nimeliona vilevile, nilichungulia mlangoni nikipita Newala. Lina sakafu ya mbao, huoshwa kwa ndoo za maji yaliyobebwa na wanawake toka bondeni, na imepauka kama mfupa. Nilicheka njia nzima mpaka Mnyambe.

Ubao wangu ni ule wa ubavuni, wa kile kichuguu cha tatu. Jioni, kazi zikiisha, mama mkwe husema miguu inamuuma, kigoda kimekuwa kigumu, hebu nisogee na yeye akae kidogo kwa huyo mke mwenza wangu. Namwambia karibu, mama. Naye, kabla hajaketi, huinama akafuta nyayo zake kwa upindo wa kanga, mguu mmoja, kisha wa pili.

Hakuna aliyemwambia.